Jenereta Isiyo na Moshi

Mke wa fundi alikuwa bado anafagia mbele ya karakana wakati jenereta ya sita ilipoteremshwa. Zilipangwa foleni mlangoni kama wagonjwa wa zahanati, kila moja mwenyewe ameikalia asije mtu akamruka zamu. Petroli ilikuwa imepanda tena. Redio ilitangaza kwa sauti ile ile inayotangazia mvua za rasharasha, na waliosikiliza hawakuwa hata na nguvu ya kutukana. Walibeba mashine zao wakaja kwa Kabureta.

Kabureta ndilo jina alilojulikana nalo. Hata mkewe alimwita hivyo akiwa na furaha. Akikasirika alimwita baba watoto. Alikuwa fundi wa kugeuza jenereta ndogo za petroli zitumie gesi ya mtungi, ile ile ya kupikia, na katika mtaa ambao umeme ulikatika siku nne kwa wiki, kazi hiyo ndiyo iliyowalisha. Juu ya mlango alikuwa ameandika mwenyewe kwa rangi nyekundu, herufi zikipanda kilima kadiri zinavyokwenda: JENERETA ZA GESI. HAZINA MOSHI, HAZINA HARUFU. WEKA POPOTE.

Miezi minane sasa alikuwa hainui macho kuyatazama maneno hayo.

"Anza na mimi, fundi," alisema kinyozi, mtu mnene mwenye mdomo mwepesi. "Kichwa cha mteja nimekiacha njiani. Upande mmoja kijana, upande mwingine mzee."

Watu wakacheka. Kabureta naye akatoa meno, akaipandisha jenereta ya kinyozi mezani.

Kazi yenyewe angeweza kuifanya hata angefungwa kitambaa machoni. Alifungua kichujio cha hewa, na kati yake na kabureta akapachika kipande cha alumini alichokichonga mwenyewe, kipana kama kifuniko cha chupa, chenye tundu pembeni la kuingizia gesi. Kwenye tundu akafunga mpira mweusi. Mpira ukaenda hadi kwenye regyuleta, kile kidude cha duara kinachoachia gesi pale tu injini inapovuta pumzi. Injini ikizimika, nacho kinafunga. Akaziba njia ya petroli, akabana kidogo mwanya wa plagi, akafungua mtungi, akavuta kamba. Injini ikakohoa mara mbili, ikashika. Akazungusha skrubu taratibu, robo kwa robo, mpaka mlio ukatulia.

Kisha akaweka kiganja nyuma ya ekzosi. Hewa iliyotoka ilikuwa ya vuguvugu na yenye unyevu, safi kabisa, haina hata chembe ya masizi.

"Na kile kitambaa?" kinyozi aliuliza. "Siku hizi mbona huonyeshi kile kitambaa chako?"

"Kimepotea," alisema Kabureta.

Hakikupotea. Kilikuwa kwenye droo ya meza, kimefuliwa na kupigwa pasi. Zamani, kila alipomaliza kazi, alikitoa mfukoni kama mwanamazingaombwe, akakishika mbele ya ekzosi huku injini inanguruma, akahesabu hadi ishirini, akampa mteja. Jenereta ya petroli ingekiacha na doa jeusi. Ya gesi ilikirudisha cheupe vile vile, kinanuka sabuni. Kitambaa kile kilimletea wateja kuliko maneno yote ya ukutani, na sasa hakuweza kukigusa.

Akaizima mashine ya kinyozi. Kimya kilipoingia, aliisikia nyingine. Ilikuwa mbali kidogo, ndani ya nyumba fulani, inakwenda kwa mpigo ule ule mtulivu wa injini ya gesi. Akageuka kuzitazama zile tano za foleni. Zote zilikuwa baridi.

"Kuna mtu ameacha mashine inawaka?" aliuliza.

"Wapi?" kinyozi alishangaa. "Fundi, unahitaji kulala."

Saa nne akafika mkaguzi wa manispaa. Mtaani aliitwa Bwana Risiti, kwa sababu hakuwahi kumchukulia mtu kitu bila kumwandikia risiti. Alishachukua meza, mizani, vibanda vizima, hata mwavuli wa bibi muuza karanga, na kila mmoja alibaki na karatasi safi yenye mhuri. Alijivunia jambo hilo. "Mimi si mwizi," alikuwa akisema. "Mwizi haandiki." Alivaa shati lililonyooshwa, na kwapani alibeba bunda la matangazo.

"Fundi, leo nyota yako imewaka," alisema, akibandika tangazo moja kwenye nguzo ya karakana kabla ya kuomba ruhusa. "Soma."

Kabureta akasoma. Kuanzia leo saa kumi alasiri, jenereta zote ziondolewe kwenye varanda na njia za waenda kwa miguu. Zinazotumia petroli zisiwashwe kabisa katika eneo la maduka. Zinazotumia gesi, kwa kuwa hazina moshi, ziwekwe ndani.

Akayarudia yale maneno ya mwisho.

"Ndani ya wapi, bosi?"

"Ndani ya maduka, ndani ya wapi tena? Mbona unanishangaa? Maneno yenyewe ni yako. Mimi nilipita hapa, nikayaona ukutani, nikayapeleka ofisini. Wakubwa wameyapenda." Akatoa karatasi nyingine kwenye mfuko wa shati. "Wanachotaka ni sahihi ya mtaalamu, basi. Tumekuandika wewe. Ukishasaini, kibali chako cha mwaka mzima hiki hapa, kimepigwa mhuri tayari. Usiposaini, unajua mwenyewe. Karakana haina kibali mwezi wa pili huu."

Mkewe aliacha kufagia. Alisimama tu na ufagio wake, akimwangalia mumewe kama mtu anayemwangalia mtoto akivuka barabara.

"Labda tuongeze neno," Kabureta alisema. Sauti yake ilitoka ndogo. "Kwamba madirisha yawe wazi. Au mashine ikae nyuma, uani…"

"Tangazo limeshapigwa chapa, fundi. Nakala mia tatu. Unataka nikaandike madirisha kwa mkono kwenye nakala mia tatu?"

Kabureta akasaini. Kalamu iliteleza vizuri, na jina lake likatoka limenyooka kuliko siku zote. Bwana Risiti akampa kibali, akampa na risiti ya kupokea kibali, akaenda zake na gundi yake.

"Mungu mkubwa," mkewe alisema, akashusha pumzi. Lakini hakumtazama usoni.

Jua lilipofika utosini, foleni imebaki mashine mbili, akatokea msichana anasukuma toroli. Ndani ya toroli kulikuwa na jenereta iliyofunikwa kwa gunia. Alikuwa mrefu, mwembamba, amejifunga kanga kiunoni juu ya suruali, na alivyotupa mguu Kabureta alimjua kabla hajauona uso. Mama yake alitembea vile vile, kama mtu aliyechelewa lakini hataki kukimbia.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimekuletea mgonjwa wako wa zamani." Akafunua gunia. "Ni ile ya mama. Nimevuta kamba mpaka mkono umekufa ganzi. Haiwaki."

Kabureta alikiona kipande cha alumini, kina alama ya patasi pembeni alipoteleza siku ile anakichonga. Akashika ukingo wa meza.

Kabureta na mama wa msichana huyu waliitana kwa utani. Fundi alimwita Mama Vifaranga, na Mama Vifaranga alimwita mchawi wa gesi. Alikuwa na chumba kimoja cha duka mtaa wa chini, na ndani yake mashine ya kutotolea mayai yenye ukubwa wa kabati. Mayai hayana subira. Umeme ukikatika yanapoa, na yakipoa kilichomo kinakufa. Ndiyo maana alinunua jenereta, akaja kuigeuza, akaonyeshwa kitambaa. Alikinusa akacheka mpaka akakaa chini. Mwanzoni aliiweka mashine varandani. Bwana Risiti akamwandikia risiti ya kuziba njia, mara ya kwanza, mara ya pili. Akampigia simu Kabureta: nikiiingiza ndani, vipi? Na Kabureta, mdomoni ana msumari, mikononi ana kazi ya mtu mwingine, alimjibu: weka popote, mama. Tena akamuuzia mtungi mkubwa, ili asihangaike kubadilisha kila mara.

Mvua ikanyesha alasiri moja. Mama Vifaranga akafunga dirisha rasharasha zisiingie, akafunga na mlango. Jioni simu ya Kabureta ikaita, jirani mmoja: njoo uzime mashine yako, hakuna anayejua inazimwa vipi. Alipoingia mle chumbani ilikuwa bado inakwenda, kwa mpigo mzuri kabisa. Mama alikuwa sakafuni kando ya mlango. Viganja vyake na midomo vilikuwa vyekundu, kama vya mtu aliyetoka kufua kwa maji ya moto. Vifaranga wa jana yake, boksi zima, walikuwa wamelala ubavu. Kabureta alikaa mle ndani dakika tatu, nne, na kichwa kikaanza kumgonga. Hapo ndipo alipojua. Daktari wa zahanati hakupoteza muda, aliandika chanzo cha kifo: moyo.

Kuna mambo mawili ambayo tangu siku ile hayakumpa usingizi. La kwanza lilikuwa tangi la petroli. Tangi la mashine ile hata likijaa halidumu muda wa saa tatu. Petroli ingekwisha yenyewe, mashine ingenyamaza, na pengine mama angeamka na maumivu ya kichwa tu. Mtungi wake mkubwa ndio ulioendelea. La pili aliambiwa na mshonaji wa chumba cha pili, mama mtu mzima, aliyemvuta pembeni jioni ile. "Nilisikia kama mtu anagonga," mshonaji alisema. "Nikadhani ni injini."

"Fundi?" msichana aliita. "Inatengenezeka?"

"Inatengenezeka," alisema Kabureta. Akafungua regyuleta. Utando wa ndani ulikuwa umekauka na kunata. "Unaitaka ya nini?"

"Nimeacha chuo. Nimerudi kwenye kazi ya mama. Nina mayai mia mbili na themanini, siku ya ishirini leo, kesho yanapasuka. Umeme umekatika tangu asubuhi, na nimeambiwa haurudi mpaka kesho. Nimeyafunika mablanketi, lakini…" Akatazama saa ya simu yake. "Nina saa mbili. Mbili na nusu nikibahatika."

Kabureta akaweka utando mpya. Vidole vyake vilifanya kazi peke yake. Alikuwa akiomba msichana asiulize kitu, na alijua ataulizwa.

"Halafu nikwambie," msichana alisema, akatabasamu kwa mara ya kwanza, na meno yalikuwa ya mama yake. "Mama alinisimulia kitambaa chako. Alikuwa akiigiza kabisa, anahesabu mpaka ishirini, anajinusisha. Nifanyie na mimi. Nikione kwa macho yangu."

Kule nyuma mkewe aliangusha sufuria. Ilizunguka sakafuni muda mrefu kabla ya kutulia.

Kabureta akavuta droo. Kitambaa kilikuwa pale, na chini yake karatasi iliyokunjwa, yenye madoa ya grisi. Akatoa vyote viwili, akaviweka mezani, akatoa na pumzi.

"Mashine hii isiingie ndani, mwanangu."

"Nitaiweka wapi? Matangazo yamebandikwa mtaa mzima. Na si haina moshi?"

"Inao."

Msichana akacheka kidogo, akidhani ni utani.

"Inao," Kabureta alirudia. "Hauonekani wala haunuki, kitambaa hakiwezi kuushika. Ndani ya chumba kilichofungwa unaua. Mama yako hakufa kwa moyo."

Akaifungua ile karatasi. Ilikuja ndani ya boksi la regyuleta za kwanza alizonunua, imeandikwa lugha asiyoijua, lakini picha haikuhitaji lugha: nyumba, jenereta ndani yake, na mstari mnene umekata juu. Karatasi za namna ile alikuwa akifutia mikono. Hii aliiokota kwenye takataka siku moja baada ya maziko, akaikunjua, akatazama picha, akakaa chini.

Msichana aliitazama picha kwa muda mrefu. Kisha akauliza, taratibu, kama anayeuliza njia:

"Umejua lini?"

"Jioni ile ile. Nilipoingia kuizima."

"Miezi minane."

"Miezi minane."

"Nilikuja hapa baada ya maziko," msichana alisema. "Unakumbuka? Nilikuja kukushukuru kwa sababu uliacha kazi zako ukaenda kuizima. Nilikuletea soda. Uliinywa."

Kabureta aliikumbuka soda ile. Aliinywa yote kwa sababu msichana alikuwa amesimama pale anamwangalia.

Msichana akajifuta uso mzima kwa upindo wa kanga, mara moja, kwa nguvu. "Inawaka au haiwaki?"

"Itawaka."

"Basi iwashe. Mayai hayanisubiri nilie."

Kabureta akavuta kamba. Ikashika mara ya kwanza, kwa mpigo ule ule aliousikia kichwani miezi minane, na sasa ulikuwa nje ya kichwa chake, mezani, mchana kweupe. Akaiacha ikaenda kidogo, akaizima. Akainyanyua mwenyewe akaitia kwenye toroli.

"Tunaiweka varandani," alisema. "Ekzosi itazame barabarani. Nina waya mrefu. Nitaikalia mimi mwenyewe, wakija wanikute."

Mkewe alimfuata mpaka kwenye nguzo yenye tangazo. "Umemwambia," alisema.

"Nimemwambia."

"Vizuri." Macho yake yalikuwa yamejaa. "Na sisi je, baba watoto? Kibali hata wino haujakauka. Tutakula hiyo kweli yako?"

"Sijui," alisema Kabureta, na hiyo nayo ilikuwa kweli.

Kufika saa nane mashine ilikuwa varandani, inakwenda. Waya ulipita chini ya mlango hadi kwenye kabati la mayai, na kipimajoto kilianza kupanda. Kabureta alikaa juu ya kreti tupu, kiganja kimoja kwenye bamba la mashine, akahisi inavyotetemeka. Hakuingia ndani. Tangu jioni ile alikuwa hajakanyaga mtaa ule, kila safari alizungukia njia ya mbali, na sasa alikaa hatua mbili kutoka mlango wenyewe na hakuthubutu kugeuza shingo. Mashine ilinguruma. Mara mbili alidhani kuna mtu anagonga nyuma yake, akaruka, akakuta ni nati ya kifuniko iliyolegea. Akaikaza. Aliendelea kusikia.

Saa kumi ilipopita, kinyozi, ambaye duka lake lilitazamana na chumba kile, alitoka na mkasi mkononi.

"Kabureta! Sasa umekuwa mlinzi? Ingiza ndani hiyo, gari la Bwana Risiti liko mtaa wa juu."

"Na wewe yako usiingize," alisema Kabureta. "Niliyokufungia asubuhi. Isiingie ndani, inaua."

"Inaua!" Kinyozi alicheka. "Asubuhi umeisifu, jioni inaua. Umekula nini?"

"Mimi sikuisifu asubuhi. Nilikaa kimya. Nisikilize, ndugu yangu…"

Lakini gari lilishakunja kona. Lilikuwa lori la manispaa, nyuma limebeba jenereta kama kumi, meza mbili na mtungi. Bwana Risiti akashuka na kitabu chake. Wenye maduka wakaanza kuvuta mashine zao haraka, wengine wanaziburuta zikiwa bado zinawaka.

"Fundi," alisema Bwana Risiti, kwa masikitiko ya kweli. "Kwa nini unaniaibisha? Sahihi yako ninayo mfukoni."

"Niliandika uongo, bosi. Ina moshi. Mwenye chumba hiki ulimwandikia risiti mara mbili mpaka akaiingiza ndani, nami nikamwambia sawa, ikamuua. Mimi na wewe."

Mshonaji alikuwa mlangoni kwake na tepu ya kupimia shingoni. Alitazama chini.

"Cheti kinasema moyo," Bwana Risiti alisema. "Mimi nafuata maandishi. Na wewe unasema nini hasa? Unasema jenereta hii ina moshi?"

"Inao."

"Basi umejifunga mwenyewe. Yenye moshi haina ruhusa ya nje wala ya ndani. Pakieni."

Vijana wawili wakaruka kutoka kwenye lori. Msichana alitoka mbio, akasimama mbele ya mashine, akaeleza mayai, saa, kesho. Akaomba apewe mpaka asubuhi tu. Bwana Risiti alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, huku akiwapa vijana ishara ya mkono. Mmoja alichomoa waya, mwingine akafunga mtungi. Mashine ikazimika.

"Andika," Kabureta alisema.

"Naandika. Lini sikuandika?"

"Andika na sababu. Kuna sehemu ya sababu hapo."

Bwana Risiti alimtazama kwa shaka. Lakini sehemu ya sababu ilikuwepo kweli, mstari mzima, na maisha yake yote hakuwahi kuacha mstari wazi. Akaandika kwa mwandiko wake wa darasani, akapiga mhuri, akachana. Kisha akanyoosha mkono, na Kabureta, bila kuambiwa, akatoa kile kibali mfukoni akampa. Kwa kibali pia akaandikiwa risiti.

Lori likaondoka. Msichana alisoma karatasi yake mara mbili. Jenereta moja, mtungi mmoja. Sababu: mashine ina moshi.

"Cheti cha mama kinachosema moyo kina mhuri huu huu," alisema. Akampa Kabureta kalamu. "Weka jina lako chini ya hayo maneno. Jina lako la kweli, si Kabureta."

Akaandika. Safari hii kalamu ilikwaruza. Msichana akaikunja karatasi, akaingia ndani, na Kabureta akaona kupitia mlango ulio wazi jinsi alivyoitia kwenye bahasha ya kaki pamoja na karatasi nyingine yenye mhuri, akairudisha juu ya kabati.

"Njoo unishikie mablanketi," msichana aliita. "Usisimame hapo kama mgeni."

Kwa hiyo akaingia. Chumba kilikuwa kidogo kuliko alivyokiota. Harufu ya manyoya na dawa ya kuoshea sakafu, dirisha moja, komeo la mlango lililopinda kidogo kwa ndani, hakuthubutu kuuliza tangu lini. Walifungua kabati kwa haraka, wakapanga trei za mayai katikati ya mablanketi, wakazizungushia chupa za maji ya moto yaliyochemshwa na mshonaji. Mshonaji alileta chupa bila kusema neno, akarudi kuleta nyingine. Kipimajoto kilikuwa kinashuka. Wote watatu walikiona na hakuna aliyekisoma kwa sauti.

Msichana akachukua yai moja, akaliweka sikioni, akafumba macho. Kisha akampa Kabureta.

"Sikiliza."

Kabureta hakutaka. Akaliweka sikioni. Lilikuwa bado na uvuguvugu. Mwanzoni hakusikia kitu, kisha akasikia, taratibu sana, kikiacha na kuanza tena. Kilikuwa hai, na kilikuwa kinagonga.

"Naweza kulifungua?" aliuliza.

"Ukilifungua kabla ya wakati kifaranga anakufa. Anajitoa mwenyewe, au hatoki."

Akalirudisha kwenye trei kwa mikono miwili. Hapo ndipo alipogundua kwamba mtaa umebadilika sauti. Nje hapakuwa na mashine hata moja, varanda zote zilikuwa tupu na safi kama tangazo lilivyotaka, lakini mlio haukuwa umekwisha. Ulikuwa umehamia ndani. Ulitoka chini ya milango iliyofungwa, duka hadi duka, mpigo ule ule mtulivu, na zaidi ya nusu ya mashine zile zilikuwa na kipande cha alumini alichokichonga kwa mkono wake.

Wingu lilikuwa limetanda. Matone ya kwanza yakaanguka kwenye bati, na ng'ambo ya barabara mtu akafunga dirisha.

Kabureta akatoka bila kuaga. Akavuka barabara mpaka kwa kinyozi. Mlango ulikuwa umefungwa. Ndani, mashine ya kunyolea ililia juu ya mngurumo wa jenereta, na mtu alikuwa anacheka. Akagonga.

"Tumejaa!" kinyozi alijibu kutoka ndani. "Rudi kesho!"

Akagonga tena.